Clement Gillman: Mhandisi wa reli aliyeuliza kwa nini ramani ina nafasi tupu

Siku moja ukivuka feri kutoka kisiwani, ukaponyoka msongamano wa Likoni na kuingia Bofu, jaribu mchezo huu. Beba karatasi na penseli za rangi. Kila unachokiona kipe rangi yake. Nyumba zipe rangi moja, minazi na miembe iliyobaki nyingine, kisha maduka, shule, msikiti, kanisa.

Utaenda poa tu mpaka ufike kwenye kiwanja fulani. Kina nyasi. Mbuzi wawili wanakula humo, watoto wamesimamisha magoli ya mawe kwenye kona, na kila mzee unayemuuliza ana hadithi yake kuhusu nani mwenye kiwanja. Hapo penseli inasimama. Utakipa rangi ya nyasi? Ya malisho? Ya uwanja wa mpira? Ama utakiacha cheupe, useme ni tupu?

Usicheke. Swali hilo la nafasi tupu ndilo lililomshughulisha mtu mmoja kwa miaka mingi hapo jirani, Tanzania, enzi ikiitwa Tanganyika. Na watu wenye pesa walipolipuuza, hasara yake haikuwa ya mchezo.

Mtu huyo aliitwa Clement Gillman. Kama umewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, au una rafiki aliyepanda akakuchosha na picha, jina hilo umeshaliona. Mahali wapandaji wanapofikia ukingo wa kreta, wakiwa hoi na pumzi zimekatika, panaitwa Gillman's Point. Wengi hupiga picha na kuendelea kuelekea Uhuru bila kujua Gillman alikuwa nani. Wengi hudhani alikuwa mpanda milima. Kumbe kazi yake ilikuwa reli, na mapenzi yake yalikuwa ramani.

Kijana wa reli

Gillman alizaliwa mwaka 1882 mjini Madrid, Uhispania. Baba yake alikuwa Mwingereza, mama yake Mjerumani. Alisomea uhandisi Ulaya, na mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 22 tu, alishuka Dar es Salaam kutafuta maisha kama msee mwingine yeyote aliyetoka chuo na cheti mkononi.

Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Wajerumani, na mwaka huohuo walikuwa wameanza kujenga Reli ya Kati. Lengo lilikuwa kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, safari ya kilomita 1,250 hivi. Gillman aliajiriwa humo kama mhandisi. Reli ilifika Morogoro, ikafika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikafika Kigoma.

Tuwe wakweli hapa. Reli haikujengwa na wahandisi wenye kofia peke yao. Ilijengwa kwa mikono ya maelfu ya Waafrika waliofyeka, waliochimba na waliobeba, na majina yao hayakuandikwa kwenye kilele cha mlima wowote. Gillman naye alikuwa mtu wa mfumo huo, akilipwa na wakoloni, kwanza Wajerumani na baadaye Waingereza. Hilo halifutiki kwa sababu tu tunapenda ramani zake.

Lakini kazi ya reli ilimfunza jambo ambalo wakubwa wengi wa ofisini hawakulijua. Huwezi kuchagua njia ya treni ukiwa umekaa kwenye kiti. Lazima utembee. Lazima ujue mto unajaa mwezi gani, udongo upi unateleza, kilima kipi kina mwamba. Na zaidi ya yote, lazima ujue maji yako wapi, kwa sababu treni za siku zile zilikunywa maji kuliko punda. Injini ya mvuke bila maji ni chuma tu kilichosimama porini.

Kwa hiyo Gillman alitembea. Alipiga safari za miguu na wapagazi, wiki baada ya wiki, na kila alipopita aliandika kwenye shajara yake. Aliandika kuhusu miti, mawe, visima, vijiji, na pia mahali ambapo hakukuwa na kijiji hata kimoja. Shajara hizo zilijaa kwa miaka na miaka, na leo zimehifadhiwa Oxford, Uingereza.

Baada ya vita

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, Gillman alijikuta pabaya. Damu yake ilikuwa nusu ya upande huu na nusu ya upande ule, naye yuko ndani ya koloni lililokuwa likipigana. Vita vilipokwisha, Wajerumani waliondoka na Waingereza wakashika Tanganyika. Gillman alirudi kwenye kazi aliyoijua, safari hii kwenye shirika la reli la utawala mpya.

Mwaka 1921 alipanda Kilimanjaro na kufika ukingo wa kreta, pale palipopewa jina lake. Kituo hicho kiko juu ya mita 5,600. Hakufika kilele kabisa, lakini alirudi na maelezo ya mlima ambayo baadaye aliyaandika kwenye jarida la wanajiografia wa London. Hata mlimani alikuwa akifanya kilekile, kutazama na kuandika.

Kazini alipanda cheo hadi akawa mhandisi mkuu wa reli za Tanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alitumwa kutafuta njia ya kupeleka reli kusini-magharibi mwa nchi. Ripoti yake ilitoka mwaka 1929. Reli hiyo haikujengwa. Watu wa kusini-magharibi walisubiri hadi miaka ya 1970, Tanzania na Zambia huru zilipojengewa TAZARA kwa msaada wa China.

Lakini katika kutafuta njia hiyo, Gillman alikuwa akilazimika kujibu swali la kibiashara: tukijenga reli hapa, nani ataipanda? Nani atasafirisha mazao? Hapo ndipo alipoanza kuona kitu cha ajabu. Kulikuwa na sehemu ambako unaweza kusafiri siku nzima, siku mbili, bila kukutana na nyumba. Halafu ghafla unaingia mahali migomba imebanana, vijiji vimeshikana, watu wamejaa hadi mlimani. Kwa nini?

Ramani ya watu

Wakoloni wengi walikuwa na jibu rahisi mfukoni. Walisema Waafrika ni wavivu, au hawajui kulima, au hawana mpango. Gillman hakuridhika na jibu hilo. Alichora.

Mwaka 1936 jarida la Geographical Review la New York lilichapisha ramani yake ya watu wa Tanganyika. Ukiitazama, jambo la kwanza linalokupiga ni jinsi nchi ilivyo kama mkate uliotobolewa katikati. Watu wako pembezoni: kandokando ya Ziwa Victoria, miteremko ya Kilimanjaro na Meru, Usambara, nyanda za juu za kusini, pwani. Katikati na magharibi kuna nafasi kubwa zisizo na wakazi. Kwa hesabu zake, karibu thuluthi mbili ya nchi haikuwa na watu wanaoishi humo, huku thuluthi mbili ya wananchi wakiwa wamebanana kwenye sehemu moja tu kati ya kumi ya ardhi.

Kisha akaeleza sababu, na sababu kubwa ilikuwa maji. Si mvua nyingi ya miezi miwili halafu kiangazi kikali, bali maji ya kutegemewa mwaka mzima. Palipokuwa na chemchemi au mto usiokauka, watu walikaa, wakalima, wakafyeka vichaka. Pasipokuwa na maji, hawakukaa, vichaka vikaota, na mbung'o wakaingia na magonjwa yao ya watu na mifugo. Yaani watu hawakuwa wametawanyika ovyo. Walikuwa wameisoma nchi yao kwa vizazi, na ramani ya Gillman ilikuwa kama nakala ya yale waliyokwisha kuyajua.

Hiyo ndiyo raha ya ramani ya mada. Ramani ya kawaida inakuonyesha barabara na majina ya miji. Ramani ya mada inachukua jambo moja, liwe watu, mimea, mvua au matumizi ya ardhi, na kulipaka juu ya nchi nzima ili uone mpangilio ambao macho ya mtu aliyesimama chini hayawezi kuuona. Na ukishauona mpangilio, huwezi kujizuia kuuliza kwa nini uko hivyo.

Rangi za misitu na vichaka

Alipostaafu reli, Gillman hakurudi Ulaya kupumzika. Serikali ya Tanganyika ilimtumia kama mshauri wa mambo ya maji, na akazunguka tena akitafiti mito, mabwawa na maji ya chini ya ardhi. Wakati huohuo alikuwa akikamilisha kazi iliyokusanya safari zake zote: ramani ya aina za uoto wa Tanganyika nzima.

Fikiria ukubwa wa kazi hiyo. Hakuna setilaiti. Hakuna droni. Nchi ina ukubwa unaopita Kenya kwa mbali. Alichokuwa nacho ni shajara zake, ripoti za maafisa wa misitu na kilimo, na kumbukumbu ya miguu yake mwenyewe. Aliigawa nchi kulingana na kile kinachoonekana: msitu mzito, mapori ya miti kama miombo, vichaka, nyasi zenye miti, nyasi tupu, vinamasi. Na hakusahau kutenga fungu la uoto uliotokana na mikono ya watu, kwa maana alijua shamba na kichaka kilichowahi kuwa shamba navyo ni sehemu ya sura ya nchi.

Hapa inafaa tutofautishe mambo mawili ambayo hata wataalamu huyachanganya. Kuna kilichofunika ardhi, na kuna matumizi ya ardhi. Kilichofunika ni kile jicho linachokiona: nyasi, miti, mabati, maji. Matumizi ni kile watu wanachokifanya hapo. Kiwanja chetu cha Bofu kimefunikwa na nyasi, hiyo haina ubishi. Lakini matumizi yake ni malisho asubuhi, uwanja wa mpira jioni, na labda mahali pa harusi wikendi. Ukitazama kutoka juu utaipata ile ya kwanza. Ile ya pili lazima ushuke uulize.

Gillman hakuwa peke yake duniani. Miaka hiyohiyo ya 1930, Uingereza, profesa Dudley Stamp alikuwa akiongoza upimaji wa matumizi ya ardhi ya nchi nzima, na waliofanya kazi kubwa ya kutembea walikuwa walimu na wanafunzi wa shule. Kila kundi lilipewa ramani ya eneo lake, likaenda shamba kwa shamba kuandika herufi. Kisha zikapakwa rangi: kijani kizito kwa misitu, kijani hafifu kwa majani ya malisho, kahawia kwa mashamba ya kulimwa, njano kwa nyika, zambarau kwa bustani na miti ya matunda, nyekundu kwa majengo na ardhi isiyozalisha. Vita Vikuu vya Pili vilipokuja na chakula cha kutoka nje kikawa shida kufika, ramani zilizochorwa na watoto wa shule zikawa msaada wa kujua ardhi ipi ilimwe. Vijana wa umri wako walifanya hivyo kwa penseli.

Nafasi tupu yaleta hasara

Gillman alifariki Dar es Salaam mwaka 1946, mji aliokuwa ameshuka miaka 41 kabla, na ambao mwaka mmoja tu nyuma alikuwa amechapisha historia ya kukua kwake. Ramani yake ya uoto hakuiona ikitoka. Ilichapishwa mwaka 1949, akiwa kaburini.

Mwaka uleule aliokufa, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Wakubwa wakapata wazo: tulime karanga Tanganyika, ekari zaidi ya milioni tatu, kwa matrekta. Timu ya wataalamu ikazunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa ya safari ikiwa kwa ndege. Wakaona nafasi. Kongwa, katika nchi ya Wagogo, ilionekana pana, wazi, na haina watu wengi wa kuhamisha. Rangi ya bahati, kwa macho yao.

Swali la Gillman lilikuwa limechapishwa miaka kumi nyuma: kama ni pazuri hivyo, kwa nini hapana watu? Mgogo yeyote angewaambia. Mvua ya pale haitabiriki. Udongo ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu ya saruji. Lakini matrekta yalishushwa, visiki vya mibuyu na vichaka vikavunja vyuma, mvua ikakatika, na karanga zikagoma. Mradi ulifungwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36. Mpaka leo unatajwa kama mfano wa kupanga kwa haraka bila kuuliza.

Ramani zilikuwepo, tena nzuri. Tatizo lilikuwa kwamba watu walisoma rangi bila kusoma sababu ya rangi.

Tuseme pia alichokosea Gillman mwenyewe, ama tuseme, ambacho ramani yake haikuweza kusema. Ramani ya watu huonyesha mahali wanapolala. Mfugaji anayepita na ng'ombe mara moja kwa mwaka, mrina asali anayetundika mizinga porini, mwindaji, mganga anayechuma dawa, hao wote hawana nyumba pale. Kwenye ramani, ardhi yao ni nyeupe. Na ardhi nyeupe ina tabia mbaya ya kumvutia mtu mwenye mpango wake, awe mkoloni wa zamani au mwekezaji wa leo. Anaiona kama haina mwenyewe.

Turudi Bofu

Sisi wa Likoni hatuhitaji kuelezwa sana habari hiyo. Tumekua tukisikia neno skwota kabla hatujajua kulisoma. Shamba la Waitiki, ekari 930, lilikuwa shamba kwenye karatasi na mtaa mzima kwenye hali halisi, hadi serikali ilipolinunua na kuanza kutoa hatimiliki mwaka 2016. Kwa miaka mingi karatasi ilisema kitu kimoja na ardhi ikasema kingine.

Leo ramani zinachorwa haraka. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikiipiga dunia picha tangu mwaka 1972. Zile za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, zinapita juu ya Mombasa kila baada ya siku chache, na picha zake ni za bure. Nairobi kuna kituo cha RCMRD, kilichoanzishwa mwaka 1975, ambacho hutengeneza ramani za aina hii kwa nchi nyingi za Afrika. Kompyuta inapewa mifano ya msitu, shamba, maji na majengo, halafu inapaka rangi iliyobaki yenyewe.

Lakini pikseli moja ya Sentinel-2 ina mita 10 kwa 10. Kwetu Bofu, mita 10 kwa 10 zinaweza kubeba nyumba ya mtu, mnazi, bomba la maji na kibanda cha mama wa viazi karai, vyote pamoja. Kompyuta itachagua rangi moja tu. Na hata ikichagua sawasawa kwamba hayo ni mabati, haijui kama chini ya mabati kuna chuo cha Kurani, gereji au familia ya watu wanane.

Ndiyo maana kazi ya kutembea haijafa. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walichukua vifaa vya GPS wakaingia vichochoroni na kuuchora mtaa wao kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Kabla ya hapo, kwenye ramani nyingi Kibera ilikuwa doa tupu, na unajua ni watu wangapi wanaishi Kibera. Walichofanya hakikuhitaji digrii. Kilihitaji watu wanaojua choo kiko wapi, zahanati iko wapi, na maji hukatika wapi.

Hili si la burudani tu. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inataka rasimu za mipango zitangazwe na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni. Siku rasimu ya namna hiyo itakapobandikwa ukutani, itakuwa ya rangi. Mara nyingi makazi huwa ya kahawia, biashara nyekundu, viwanda zambarau, sehemu za kupumzikia kijani. Wengi wataitazama, watasema imependeza, wataondoka. Wewe kitafute kile kiwanja cha mbuzi na magoli ya mawe. Angalia kimepewa rangi gani. Kama kimeachwa cheupe, inua mkono uwaulize nani alikuja kutembea hapo, na alikuja saa ngapi. Kama ni asubuhi, aliwaona mbuzi. Waambie warudi saa kumi na moja jioni, wakati mechi imeanza.